Mkunga na Nyumba ya Magurudumu Mawili

Hakugusa kitu bila kunawa. Si mtoto tu wala chakula tu, hata mbao. Nilipotoa kipande cha kwanza cha plaiwudi kwenye kasha na kumnyooshea, aliniacha nimekishika, akaenda kwenye ndoo yenye koki iliyokaa kando ya mlango wake, akanawa mpaka kwenye viwiko, akakung'uta maji, ndipo akakipokea. Alisema hajui kimeshikwa na nani huko kilikotoka. Nikamwambia basi aliyepaswa kunawa ni mimi, niliyekishika kabla yake. Akanitazama, kisha akanionyesha ndoo kwa kidevu.

Bweri nzima, mtaa wetu, ilimwita Mkunga, na hapa nitamwita hivyo. Hayupo tena. Alifanya kazi hospitalini mjini Musoma mpaka akastaafu, na alipostaafu kazi ilimfuata nyumbani: wanawake walipita kwake kuuliza juu ya miguu kuvimba, watoto kukataa ziwa, waume kukataa mengine. Mimi nilikuwa jirani yake, uzio kwa uzio. Nauza vifaa vya ujenzi pale Nyakato. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi, za pampu, za betri za sola, za mashine za kuchomelea, kamusi ikiwa pembeni. Kwa sababu hiyo watu huniletea maelekezo niwasomee, na ndivyo nilivyoingia katika jambo hili.

Alikuwa mkweli mpaka watu wakamwogopa. Mwanamke akimwuliza kama amenenepa, alijibu ndiyo, akataja na sehemu. Lakini upo uongo mmoja aliousema katika maisha yake yote ya kazi bila kupepesa macho: kila baba alimwambia kwamba mtoto amefanana naye. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa mikononi mwake, aliniambia, "Huyu ni wewe mtupu, hata kucha." Mtoto alikuwa na sura ya mama mkwe wangu, na ana sura hiyo mpaka leo. Nilipomkumbusha, miaka mingi baadaye, hakuona haya.

"Baba akiambiwa hivyo, anaendaga kununua kanga siku hiyo hiyo," alisema. "Asipoambiwa, anaendaga kufikiri."

Vijana wa bodaboda walimjua. Alipanda pikipiki kwa kukaa kama mwanamume, mkoba kifuani, na dereva akiongeza mwendo kwenye barabara ya kwenda mjini alimpiga kibao cha mgongo. "Mimi nilikutoa tumboni kwa mama yako taratibu. Na wewe nipeleke taratibu." Wengi wao hakuwatoa yeye, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika wa kutosha kubisha.

Neno lake kubwa lilikuwa "bado". Alilisema kwa sauti ya chini, akiwa ameketi, mikono mapajani. Mchele ulikuwa bado, mvua ilikuwa bado, msichana aliyekuwa akilia kwamba anakufa alikuwa bado. Nadhani kazi ilimfundisha kwamba mambo mengi yanaharibiwa na mtu aliyesimama. Mimi pia ni mtu wa taratibu, lakini taratibu yangu ni ya kupima mara nyingi. Yake ilikuwa ya kukaa karibu na kitu mpaka kiwe tayari chenyewe.

Kulikuwa na upande wake mmoja ambao sikuuelewa kwa muda mrefu. Mwanamke huyu alikuwa amekata hirizi viunoni mwa wajawazito kwa mkasi wa hospitali. Alimfukuza bibi wa watu wodini kwa sababu ya chupa ya dawa ya mizizi. Hakuamini jicho baya, wala paka, wala bundi. Lakini mambo ya mkwe aliyashika yote, bila kupunguza hata moja. Mama na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na kitanda cha mmoja si mahali pa mwingine kukaa, sembuse kulala. Siku hizi wapo wakwe wanaokumbatiana kwenye harusi mbele ya kamera. Yeye hapana. Padre alimwambia mara moja, kwa upole, kwamba hizo ni desturi tu, Mungu hazihesabu.

"Padre," alimjibu, "wewe huna mkwe."

Nilimwuliza mimi pia, kwa njia yangu. Nilisema naona ajabu mtu wa sayansi kushika kitu kisicho na sababu. Alikuwa anachambua mchicha, na hakuacha. "Mambo ya uzazi sababu zake nazijua. Haya sababu zake alizijua mama yangu, na sikumwuliza akiwa hai. Sasa nikiyaacha, nitakuwa nimeacha nini? Sijui. Kwa hiyo nayashika."

Binti yake alikuwa mmoja tu, ameolewa Butiama. Mume wake, ambaye nitamwita Mkwe kama Mkunga alivyomwita, alilima mahindi na mihogo na kubeba mchanga na matofali ya watu kwa pikapu kuukuu. Mtu mpole, mrefu, mwenye aibu ya watu warefu. Mara mbili binti alishika mimba, na mara mbili mimba ilitoka ikiwa imeshakua. Mara zote mbili ilikuwa usiku, na mara zote mbili Mkunga alipata habari asubuhi, kwa simu, akafika mambo yamekwisha. Yeye aliyekesha na mabinti wa watu wote wa Musoma hakuwa karibu na wa kwake. Hakulisema hilo kwa maneno. Lakini baada ya mara ya pili alikaa wiki nzima bila kumwambia mtu yeyote ukweli wowote, na majirani wakawa na wasiwasi.

Binti aliposhika mimba ya tatu, daktari wa huko alimwamuru alale, asisafiri hata kwa gari, asipande wala kushuka vilima. Kumleta Bweri kwa mama yake kukawa hakuwezekani. Mkunga akawa anakwenda Butiama asubuhi na kurudi jioni. Kulala kwa mkwe hawezi. Kulala kwa jirani hawezi vilevile, kwa sababu kilima kile ni cha ukoo mmoja: nyumba ya juu ni ya kaka wa Mkwe, ya chini ya mdogo wake, ya kando ya mtoto wa baba yake mkubwa, na wote hao kwa desturi ni wakwe zake. "Kilima kizima nimekiozesha binti," alisema. Nyumba ya wageni ipo, lakini iko mbali, na saa ambazo mimba zake zilizoea kuharibika hakuna bodaboda. Aliloogopa lilikuwa wazi kwetu sote. Aliogopa simu ya tatu ya asubuhi.

Hapo ndipo kasha lilipokuja kutoka Bunda.

Mtu mmoja wa huko alikuwa na biashara ya kupeleka wageni mbugani. Aliagiza kutoka nje vitanda viwili vya kufungwa nyuma ya gari, vya mbao, vinavyokuja vipande vipande ukaviunga mwenyewe. Cha kwanza aliungiwa. Cha pili kilibaki stoo ndani ya kasha lake mpaka biashara ikafungwa. Mke wake aliwahi kujifungua kwa taabu mikononi mwa Mkunga, na mtu huyo hakuwa amesahau. Alimletea kasha kwa lori, akamwambia humo kuna mbao nzuri, atengenezewe kabati.

Mkunga aliniita baada ya misa.

"Kijana." Nina zaidi ya miaka hamsini, lakini kwake nilikuwa kijana. "Hii picha juu ya kasha ni ya nini?"

"Ni tela, Mama. La kulala. Linavutwa na gari."

"Wanalala wangapi?"

"Wawili, kama wanapendana."

"Na mmoja?"

"Mmoja atalala vizuri kabisa."

Aliinama karibu na picha. Lilikuwa na umbo la tone la maji lililolala, mbele nene, nyuma jembamba. Mimi niliona kichwa na mwili wa kambare. "Lina paa?"

"Lina paa."

"La kwake lenyewe?"

"La kwake lenyewe, Mama."

Alinyooka, akafunga vizuri kitenge chake. "Kabati ninalo," alisema.

Tulilijenga uani kwake, kati ya jiko na mpapai. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kinene na kilidhani msomaji ana karakana, meza mbili na hali ya hewa ya baridi. Sisi tulikuwa na mkeka, matofali ya kuegemeza, na jua. Nilikisoma chote mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa kitu, na nikamweleza kazi ilivyo: vipande vimekwisha kukatwa na mashine, kila kimoja na namba yake, kingo zina matundu madogo, unavisogeza pamoja, unapitisha waya wa shaba kwenye matundu, unasokota kwa plaizi mpaka viumane, halafu unapaka gundi kwenye maungio, na ikikauka unazitoa waya.

"Kumbe ni kushona," alisema. "Halafu kutoa nyuzi." Na tangu hapo kazi ya waya ikawa yake. Alikaa kwenye kigoda, miwani puani, akasokota kwa mwendo uleule kuanzia asubuhi mpaka mchana, na kila waya ulibana sawa na jirani yake. Mimi zangu nyingine zililegea, nyingine zilikatika. Alizipitia tu baadaye, nilipokwenda dukani.

Gundi ilitusumbua. Inakuja katika makopo mawili, unachanganya kwa kipimo, na kitabu kinasema una muda wa kutosha kuifanyia kazi. Muda huo ni wa nchi nyingine. Mara ya kwanza tulichanganya kopo zima jua likiwa juu. Likaanza kutoa moshi mkononi mwangu, na kabla sijafika kwenye ukingo likawa jiwe lenye brashi yangu ndani yake. Mkunga alinitazama nikilitikisa. "Hiyo imezaliwa kabla ya wakati," alisema. Tukabadili: tukawa tunaanza kabla jua halijachomoza, tunachanganya kidogo kidogo, yeye akipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hilo la kupima kwa bomba lilikuwa wazo langu, na nilitaka lijulikane.

Kuna asubuhi wadudu wa ziwani walikuja, wale wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi. Upepo uliwaleta moja kwa moja juu ya paa tulilokuwa tumemaliza kupaka, wakanasa humo maelfu. Nilitaka tukwangue. Alisema bado, tuache ikauke. Ilipokauka tukasugua kwa msasa siku nyingi, lakini wengine walikuwa wamezama. Wako ndani ya paa mpaka leo, weusi, ukiangalia karibu.

Watu walipita uzioni na kutoa maoni. Mama mmoja aliuliza kama ni mashine ya kutotolesha vifaranga. Mzee mmoja wa mtaa wa Mwisenge, aliyekuja kwa habari ya mjukuu wake, alivua kofia na kuuliza kwa sauti ndogo ni nani amefariki. Vijana wa bodaboda ndio waliokuwa wabaya.

"Bibi! Hiyo ndege inaruka lini?"

"Siku utakayolipa faini zako," alijibu bila kuinua kichwa.

"Utuachie na sisi tulale humo na wachumba!"

"Wewe mchumba wako namjua. Nimpigie simu nimwambie umesema 'wachumba'?"

Pikipiki iliondoka.

Chuma cha chini na magurudumu alituchomelea fundi wa Nyakato, kwa ekseli ya gari lililokufa. Ilipofika kazi ya kupima ndoano ya kuvutia, Mkwe alikuja na pikapu yake kutoka Butiama. Hapo ndipo nilipoona kwa karibu jinsi wale wawili wanavyoongea. Walisimama umbali wa hatua kadhaa. Mkunga aliutazama mpapai. Mkwe alitazama gurudumu. Katikati nilikuwa mimi.

"Mwambie mkwe ndoano ishuke kidogo."

"Mkwe, ishuke kidogo."

"Mwambie mama itashuka."

"Mama, itashuka."

"Ahsante. Amekula?"

"Umekula?"

"Nimekula."

"Amekula, Mama."

"Mwongo huyo," alisema Mkunga kwa mpapai. "Mwambie kuna ugali na sato jikoni. Mimi nakwenda dukani ili ale."

Akaenda dukani, ambako hakuwa na shida ya kitu. Mkwe akala sato wawili, miiba tu ikabaki. Nilimwuliza kama hachoki na mambo hayo. Alifikiri. "Mama ananiheshimu," alisema. "Watu wengi hawaniheshimu namna hii."

Tela lilikamilika mimba ikiwa imevuka mahali zile mbili zilipokomea. Binti alikuwa bado amelala Butiama, na kila siku ilikuwa siku ya kuhofia. Mkunga alinunua godoro, akalikatia kona za nyuma kulingana na umbo, akalitandikia mashuka meupe aliyoyapiga pasi mwenyewe. Aliweka tochi, kanga mbili, mkoba wake wa kazi. Mlango ulifunga vizuri. Alifungua na kufunga mara kadhaa, kwa kusikiliza tu.

Mkwe alikuja kulichukua. Alikuwa amebeba matofali ya mtu tangu alfajiri na macho yake yalikuwa mekundu. Tulilifunga kwenye pikapu, tukajaribu taa za nyuma, zikawaka. Ile taa ndogo ya ndani, ya darini, ilikuwa inacheza. Mkwe alisema ataikaza ili mama asikose mwanga. Mimi nilikwenda kwangu kutafuta fyuzi. Mkunga alikuwa jikoni na chai.

Tulirudi pamoja, yeye na sinia, mimi na fyuzi. Mlangoni mwa tela kulikuwa na miguu miwili mirefu yenye soksi. Viatu vilikuwa vimepangwa vizuri chini, kwa heshima.

"Kijana," alisema Mkunga, "hiyo miguu ni ya nani?"

"Nadhani anakaza taa, Mama."

Ndani kukasikika mkoromo. Wa mtu aliyechoka, mrefu, usio na wasiwasi.

"Anakaza taa," alirudia Mkunga.

Ili kuifikia taa lazima ulale chali. Alilala chali, akaikaza, na godoro likammaliza. Nilimvuta kidole cha mguu. Aliamka, akaona dari, akajua yuko wapi, akapiga kichwa kwenye hiyo dari kwa kishindo. Alitoka akiwa na bisibisi mkononi na alama ya shuka shavuni. Hakuvaa viatu. Alikwenda mpaka getini na kusimama huko, mgongo kwetu.

Mkunga alirudisha chai jikoni.

Sitaki mtu acheke bila kuelewa. Mkwe alikuwa amelala usingizi kwenye kitanda cha mama mkwe wake. Hakuna njia ya kulisema hilo kidogo. Kazi yetu yote ya miezi, waya, gundi, msasa, ilikuwa ya kumpatia mwanamke yule mahali pa kulala ambapo mkwe hajalala, na mahali hapo pakawa pamelaliwa na mkwe kabla yake.

Nilisema tununue godoro jingine. "Godoro si kitu," alisema. Mkwe alisema kutoka getini, "Mwambie mama nitatoa mbuzi wa kutakasa." Mkunga akasema, "Mwambie mbuzi ana shughuli zake na wazee na siku zake. Mimi nataka kulala kule wiki hii." Alimpigia simu shangazi yake, mwanamke mzee sana, na shangazi akasema yaleyale ya mbuzi na wazee na kungoja. Alipoweka simu chini aliketi kwenye kigoda chake cha kushonea, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kungoja. Mkwe alifungua tela kutoka kwenye pikapu, akaondoka bila kitu.

Alinipigia simu kesho yake asubuhi. Mkunga alikuwa uani kwake, nami nikaenda kwenye uzio, simu ikiwa na sauti kubwa, yeye akijifanya hasikii.

"Mwambie mama," alisema Mkwe, "mimi nimeshalala humo. Basi humo ni kwangu sasa. Nitakuja kulichukua, nitaliweka uani, nitakuwa nalala humo mimi. Yeye alale ndani ya nyumba na mwanae. Chumba cha mahindi sijawahi kulala hata siku moja, aweke kitanda chake kipya mle."

Nilimwambia Mkunga, ingawa alikuwa amesikia.

"Mwulize ndugu zake watasemaje. Mwanamume kalala nje, mama mkwe yuko ndani."

"Anauliza ndugu zako watasemaje."

"Mwambie watacheka."

Mkunga alitazama tela, sikio lake likiwa kwenye simu yangu. "Chini ya paa moja hatutakuwa," alisema taratibu, kama mtu anayepima dawa. Nilimwuliza kama desturi inakubali hivyo. "Sijui," alisema. "Nadhani haijawahi kuulizwa. Mwambie aje."

Kwa hiyo Mkunga alihamia kwenye chumba cha mahindi, na Mkwe akahamia nje. Ndugu zake walicheka kama alivyosema. Nilikuwapo siku moja nilipopeleka vitu. Kaka yake mkubwa alipita akagonga paa la tela kwa fimbo.

"Bwana mdogo! Umewekwa nje kama jogoo?"

"Ndiyo, kaka," alijibu Mkwe kutoka ndani.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoambiwa niingie."

"Na mkeo anasemaje?"

"Anasema ana mama yake."

Kaka akauliza, kwa sauti nyingine, kama ndani kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Mkwe akamwambia hakuna.

Yaliyotokea nilisimuliwa na binti. Alfajiri moja, kabla hajajua mwenyewe kama anaumwa, mama yake alikuwa ameshaingia chumbani amevaa viatu. Alisema alisikia pumzi imebadilika upande wa pili wa ukuta. Aligusa tumbo, akakaa, hakusema "bado". Alitoka uani na kugonga ubavu wa tela kwa kiganja, bila neno, na Mkwe akatoka na ufunguo wa gari mkononi, kwa sababu alikuwa akilala nao. Hospitalini walimpasua binti. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti. Daktari wa zamu alisema tu kwamba safari hii wamekuja mapema. Mkunga alimwosha mjukuu wake mwenyewe. Kisha akatoka nje, na kwa kupitia kwa muuguzi aliyekuwa mlangoni akamwambia Mkwe kwamba mtoto amefanana naye, hata kucha. Binti aliniapia kwamba ni kweli, kwamba mtoto ana vidole vilevile virefu. Siwezi kuamua.

Arobaini ilipopita nilikwenda Butiama kumrudisha Bweri, kwa gari la dukani. Mawingu yalikuwa mazito juu ya mawe ya kilima kile, na upepo wa mvua umeanza. Mkwe alikuwa akipakia vitu vya mama: mtungi wa maziwa, kuku wawili waliofungwa miguu, gunia la mihogo. Mkunga alikwisha kumuaga binti ndani. Alitoka amejifunga kitenge cha safari, akatembea kuelekea garini, halafu akasimama kando ya tela. Rangi ya mlango ilikuwa imeanza kuchakaa mahali mkono wa Mkwe ulipozoea kushika. Mkunga hakuwa amelala humo hata usiku mmoja, na hakuwa tena wa kulala humo.

"Mkwe," alisema.

Niligeuka, nikasubiri aniambie cha kupeleka. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akilitazama paa.

"Mvua ikinyesha usiku, humo ndani inasikikaje?"

Mkwe alisimama na gunia begani. Alinitazama mimi, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa. Akatua gunia chini.

"Inapiga kelele, mama," alisema. "Kama mahindi yanamwagwa kwenye debe. Mwanzoni nilikuwaga sipati usingizi. Halafu nikaizoea, sasa nikiikosa ndio silali."

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Pale nyuma juu, inapopinda? Pale gundi ilitushinda kidogo. Jua lilikuwa limeshatoka."

"Hata pale, mama. Nimepaangalia. Hata tone."

Matone ya kwanza yalianza kuanguka, makubwa, moja moja, yakigonga mbao. Mkunga aliweka kiganja chake juu ya paa, mahali linapopinda, akakiacha hapo. Mvua ikaongezeka. Kuku walilalamika nyuma ya gari. Mkwe na mimi tulisimama tukilowa, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemwambia aingie garini.